Kabla ya Kubadili Sili, Tafuta Sababu

Lori likianza kudondosha oili ya pawa steringi, gereji nyingi huwa na jibu kabla fundi hajalala chini yake: sili imekufa, nunua sili. Boksi ya steringi hushushwa, hufunguliwa, sili mpya hupigwa ndani, oili hujazwa, na gari huingia barabarani jioni hiyohiyo. Mara nyingi halichelewi kurudi likivuja palepale, na lawama huangukia duka la spea: sili ilikuwa feki. Sili feki zipo, tena nyingi. Lakini miaka ya kufungua na kufunga boksi hizi imenifikisha kwenye msimamo ninaotaka kuutetea hapa: sili inayovuja ni matokeo, na fundi aliyeibadili bila kujua kilichoiua hajatengeneza boksi, ameahirisha tatizo. Kuifungua boksi ya steringi ni kazi ya uchunguzi kwanza, matengenezo baadaye. Fundi anayeruka uchunguzi hufunga ndani ya boksi ileile sababu iliyomleta mteja, kisha humkabidhi dereva usukani ambao yeye mwenyewe hawezi kuuapia.

Uzito wa hoja hii unaonekana mtu akijua kilichomo ndani. Boksi ya malori mengi yanayopanda kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, au kutoka Mombasa kwenda Malaba, ni ya aina ya gololi zinazozunguka. Usukani huzungusha shafti yenye nyuzi pana. Shafti hiyo imepita katikati ya pistoni, na kati ya nyuzi za shafti na nyuzi za pistoni hupita gololi za chuma, zinazoviringika mfululizo na kurudi zilikotoka kwa mfereji wake. Pistoni ikisogea, meno yaliyochongwa ubavuni mwake husukuma meno ya shafti nyingine iliyokaa mkingamo, na mwisho wa shafti hiyo ndipo unapofungwa mkono wa pitimani unaovuta na kusukuma magurudumu. Nguvu ya oili huingizwa na valvu iliyo kichwani mwa shafti ya nyuzi. Ndani ya valvu kuna ufito mwembamba wa chuma unaojinyonga dereva anapokata kona. Ukijinyonga digrii chache tu, njia za oili hufunguka upande mmoja na kubanwa upande wa pili, na msukumo unaozidi baa 100 katika malori mengi huangukia upande mmoja wa pistoni. Kazi yote hiyo inategemea nafasi ndogo mno kati ya chuma na chuma, na midomo michache ya mpira.

Historia ya kifaa hiki nayo inaunga mkono hoja hiyo. Francis Davis, mhandisi Mmarekani aliyewahi kufanya kazi upande wa malori katika kampuni ya Pierce-Arrow, aliona jinsi madereva wa magari mazito walivyoteswa na usukani, na mwaka 1926 akaonyesha gari lenye pawa steringi iliyofanya kazi. Uvujaji ulikuwa miongoni mwa vikwazo vyake vikubwa. Mfumo uliokuwa ukihifadhi oili katika msukumo mkubwa muda wote ulivuja, naye akaligeuza wazo: valvu ikae wazi, oili izunguke bure, na msukumo upande pale tu dereva anapouhitaji. Chrysler ilikuja kuuza gari la abiria lenye usukani wa namna hiyo mwaka 1951. Wazo la Davis ndilo linaloendesha boksi za leo, na fundi anapaswa kulikumbuka kila anapoona tone la oili. Sili za boksi hazikutengenezwa kubeba msukumo wa juu saa zote. Chochote kinachouzuia msukumo usishuke pale unapotakiwa kushuka, iwe filta iliyoziba, mpira wa kurudishia oili uliopindika au kikomo cha kona, kile kinachoshusha msukumo usukani unapofika mwisho, kilichoharibika, kinazishambulia sili. Fundi anayebadili sili peke yake anaipeleka sili mpya kwenye shambulio lilelile.

Kwa hiyo uchunguzi huanza boksi ikiwa bado imefungwa kwenye chesisi. Dereva akisema usukani ni mzito, swali la kwanza ni mzito upande gani. Ukiwa mzito kulia na kushoto sawasawa, mara nyingi tatizo liko nyuma ya boksi: pampu iliyochoka, mkanda unaoteleza, filta chafu, oili pungufu. Ukiwa mzito upande mmoja na mwepesi upande wa pili, macho yaelekee kwenye boksi yenyewe, kwenye valvu. Oili yenye povu ndani ya tangi inaeleza kwamba hewa inaingia mahali fulani, na hakuna sili ya boksi itakayoliondoa povu hilo kama hewa inavutwa kwenye mpira wa pampu. Usukani wenye mchezo nao una maswali yake. Mtu mmoja akae juu autikise usukani huku na huku, mwingine awe chini akitazama kiungo kimoja baada ya kingine: krosi ya shafti ya usukani, pitimani, dregi linki, vichwa vya tairodi, kingipini, pamoja na bolti zinazoishika boksi kwenye chesisi. Boksi nyingi husingiziwa kwa makosa ya dregi linki. Nyingine ni nzima kabisa ndani, ila bolti zake zimelegea na boksi yote inacheza kila usukani unapogeuzwa. Fundi aliyeishusha boksi kabla ya kuyatazama haya amekwisha kupoteza ushahidi, kwa sababu mambo mengine huonekana tu wakati kila kitu kimefungwa na injini inaunguruma.

Boksi ikishushwa na sili ikatoka, sili hiyo isitupwe. Iwekwe mwangani, isomwe. Mpira uliokauka, mgumu, wenye nyufa na rangi ya kuungua, umepikwa na joto. Na joto hutokana na msukumo uliokwama juu, mara nyingi kwa sababu vikomo vya kona ndani ya pistoni havifanyi kazi, au vilirekebishwa vibaya, kiasi kwamba kila dereva anapokata kona hadi mwisho pampu inaendelea kusukuma oili isiyo na pa kwenda. Mpira uliovimba na kulainika kama ulilowekwa umekutana na oili isiyo yake. Mafuta ya breki yaliyomiminwa kwenye tangi la steringi kwa shida ya njiani yanatosha kuziharibu sili zote za boksi na za pampu kwa pamoja. Mdomo uliochanika mahali pamoja, huku sehemu nyingine ni mpya, umejeruhiwa siku ya kufungwa, pale fundi alipoipitisha sili juu ya meno makali ya shafti bila kuyafunika kwa utepe au bomba la kulinda. Mdomo ulioisha upande mmoja tu unasema shafti haiko katikati, na hapo mshitakiwa ni beringi. Sili nzima iliyosukumwa nje ya kikao chake inadai tuitazame njia ya kurudisha oili. Na sili isiyo na kasoro yoyote, iliyokaa juu ya shafti yenye mtaro unaokwaruza ukucha, inatangaza kwamba uchafu umekula chuma, na sili mpya itavuja juu ya mtaro huohuo. Sili zote hizi, dereva akiwa kwenye kiti chake, huonekana kama kosa moja: oili inadondoka. Mtu anayezitibu zote kwa dawa moja ni sawa na mganga anayempa kila mwenye homa kidonge kilekile.

Ndiyo maana namna ya kufungua inahesabika sawasawa na namna ya kufunga. Boksi ioshwe nje hadi chuma kionekane kabla bolti moja haijalegezwa, kwa kuwa mchanga wa barabarani ukiingia ndani unakuwa msasa. Mkono wa pitimani utolewe kwa pula, usipigwe nyundo, maana pigo linalouondoa mkono hupita kwenye shafti na kuziumiza beringi zilizokuwa salama. Kabla ya hapo alama za mkono na shafti zihakikiwe, na kama hazisomeki zichorwe upya. Mkono ukirudishwa jino moja pembeni, magurudumu yatanyooka huku boksi ikiwa imepita katikati yake, na kuanzia siku hiyo vikomo vya kona vitafunguka mapema upande mmoja na kuchelewa upande wa pili. Shafti ya meno itoke boksi ikiwa imewekwa katikati ya mwendo wake, kwa sababu ndipo meno yanapopata upenyo wa kupita. Pistoni isiachwe ikajizungusha hadi ikatoka kwenye nyuzi, gololi zikamwagika sakafuni. Gololi za boksi moja zimechaguliwa kwa kipimo kimoja, na tofauti ya sehemu ndogo ya milimita inatosha kuleta mchezo au mkwamo. Katika baadhi ya boksi za chapa ya Saginaw hata rangi ina maana: gololi nyeusi, zilizo ndogo kidogo, hupangwa kwa kupishana na zile zinazong'aa. Anayezichanganya na gololi za boksi nyingine kwenye kopo moja, au anayejazia iliyopotea kwa kuokoteza, ameharibu kipimo cha kiwandani kwa dakika moja, na hakuna spana itakayokirudisha.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi hatari ya kutibu dalili ni ile skrubu iliyo kwenye kifuniko cha pembeni. Usukani ukiwa na mchezo, mafundi wengi hulegeza nati yake, huikaza skrubu nusu mzunguko, na mchezo hupungua papo hapo. Mteja hufurahi. Lakini meno ya boksi hizi yametengenezwa yabane zaidi kidogo katikati, magurudumu yakiwa yamenyooka, na kulegea kidogo kadiri yanavyoelekea pembeni. Lori hutumia sehemu kubwa ya maisha yake likienda moja kwa moja, kwa hiyo meno na nyuzi huisha katikati kwanza, wakati pembeni pangali karibu papya. Anayekaza skrubu hadi katikati iliyochakaa ibane, amebana kupita kiasi sehemu zote ambazo hazijachakaa. Matokeo ni usukani unaoonekana imara ukiwa umenyooka, kisha unakataa kurudi wenyewe baada ya kona. Dereva anayeteremka mlima wa Kitonga, kona ikifuatana na kona, anahitaji kuliko kitu chochote usukani unaorudi. Skrubu hiyo ina kazi halali, nayo ni kurekebisha mbano wa katikati kwa kipimo kilichotajwa na mtengenezaji, boksi ikiwa katikati yake halisi, tena baada ya kuthibitisha kwamba chuma kilichomo ndani bado kinafaa. Ikitumika kuficha uchakavu inaongeza hatari huku ikipunguza malalamiko, na hakuna mchanganyiko mbaya kuliko huo katika kazi ya ufundi.

Uchunguzi wa kweli huishia mara nyingine kwenye neno ambalo mafundi hatupendi kulitamka: hapana. Shafti ya meno ambayo mistari yake mwishoni imejipinda, hata kidogo, imekwisha kubeba nguvu iliyozidi uwezo wake. Nyuzi zenye vidimbwi vilivyochimbwa na gololi, dalili ya mapigo makubwa ya mashimo na kingo za barabara, haziwezi kusafishwa kwa msasa zikawa nzima. Ufa usioonekana kwa jicho hujitokeza kwa rangi maalumu ya kupenyeza, na ukionekana mjadala umekwisha. Chuma cha steringi hakichomelewi, hakinyooshwi kwa moto, hakichongwi kienyeji kikarudishwa barabarani, kwa sababu ugumu wake uliwekwa kwa joto lililopimwa, na moto wa gereji unauondoa bila kuacha alama. Hata ule ufito mwembamba ndani ya valvu ulipangwa kiwandani uwe sawa kulia na kushoto kabla ya kufungwa kwa pini. Anayeutenganisha na shafti yake hana namna ya kuurudisha kwenye usawa huo. Fundi aliyefungua boksi kwa nia ya kubadili sili tu hatayaona haya, au atayaona na kuyapita, kwa kuwa hakuwa akitafuta chochote.

Najua pingamizi la kwanza la wenye malori, nalo lina uzito. Gari lililosimama linakula fedha: mzigo unachelewa, mkopo unadai, dereva na utingo wanahitaji posho. Tajiri anataka lori liondoke leo, na uchunguzi anauona kama anasa. Lakini hebu tuhesabu kilicho kirefu katika kazi hii. Kushusha boksi, kutoa pitimani iliyoganda, kuosha, kurudisha, kujaza oili na kutoa hewa: hiyo ndiyo kazi ndefu, nayo inafanyika vilevile, uchunguzi uwepo au usiwepo. Kuisoma sili, kupitisha ukucha kwenye shafti, kupima msukumo wa pampu na kukagua njia ya kurudi kunaongeza saa chache juu yake. Kurudia kazi yote baada ya wiki kunaongeza siku nzima, oili mpya, sili nyingine, na pengine kuvuta gari kutoka porini. Kuna pia gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu lori na tela lake kufikia tani 56, na tani 8 juu ya ekseli ya mbele inayokata kona. Oili ikiisha, chuma bado kinaunganisha usukani na magurudumu, kwa hiyo gari linaweza kuongozwa. Lakini linaongozwa kwa mikono ya dereva peke yake dhidi ya uzito huo, na mlima haumsubiri apate nguvu.

Pingamizi la pili linasema: kwa nini tuhangaike, wakati boksi iliyotumika kutoka nje inapatikana Kariakoo au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ukaitoa mbovu ukaweka nzima? Kubadili boksi nzima kuna mahali pake, hasa pale chuma cha ndani kilipokwisha kufa. Lakini boksi iliyotumika ina historia yake usiyoijua, na sababu iliyoiua ya kwanza inaisubiri ya pili kama filta, pampu na mipira haikuguswa. Zaidi ya hapo, boksi mbili zenye umbo moja zinaweza kutofautiana idadi ya mizunguko, msukumo unaoruhusiwa, hata mwelekeo wa nyuzi, kwa kuwa magari yaliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia hayafungwi sawa na yetu ya Tanzania, Kenya na Uganda. Namba iliyo kwenye bamba la boksi isipolingana, umbo halisaidii. Kwa hiyo njia hii nayo inadai uchunguzi, tena mara mbili: wa boksi inayotoka na wa inayoingia.

Pingamizi la tatu hutoka kwa mafundi wenyewe, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Mkono wa fundi mzoefu, wanasema, unatosha; wazee waliotufundisha hawakuwa na geji. Ni kweli kwamba mkono uliofundwa unahisi mkwaruzo wa gololi moja iliyochubuka, na hakuna kifaa kinachochukua nafasi ya masikio yanayojua mlio wa pampu inayonyonya hewa. Lakini mkono hauwezi kutofautisha msukumo wa baa 90 na wa baa 150, wala kuhisi ufa ndani ya chuma, wala kujua kama skrubu ya katikati imebana kwa kipimo au imezidi kidogo. Uzoefu unamwelekeza fundi mahali pa kupima. Kipimo ndicho kinachomwambia kama uzoefu umempa jibu sahihi. Wapo pia wanaokwenda mbali upande wa pili na kusema usukani usiguswe kabisa nje ya gereji za mawakala. Hapo nakubali nusu. Asiye na geji ya msukumo, spana ya kupimia ukazaji, mahali safi pa kufungulia na kitabu cha boksi husika, asiifungue, na bango lililo mlangoni halibadilishi jambo hilo kwa yeyote. Ila gereji ya kando ya barabara yenye vitu hivyo na fundi anayetafuta sababu inaaminika zaidi kuliko jengo la vioo ambamo sili hubadilishwa kwa mazoea. Malori huharibikia Makambako na Tunduma pia, na haki ya dereva kupata usukani salama haiwezi kuishia kwenye miji mikubwa.

Kama hoja hii inakubalika, kuna badiliko dogo ambalo linaweza kuanza kesho bila mtaji. Risiti zetu huandika sili, oili, ufundi na jumla. Ziongezewe mstari mmoja: sababu. Sili iliungua kwa sababu kikomo cha kushoto hakifunguki. Shafti imekula mtaro, imebadilishwa. Mpira wa kurudishia oili ulibanwa, umeondolewa. Fundi asiyeweza kuujaza mstari huo ajue kazi yake haijaisha, na mwenye lori asilipe hadi ujazwe na kipuri cha zamani kiwekwe mezani mbele yake. Mstari huo utamlazimisha anayejifunza kazi aangalie kabla ya kutupa, utampa dereva cha kumweleza fundi mwingine akiwa mbali na kwao, na baada ya muda gereji itakuwa na kumbukumbu ya maandishi inayoonyesha ni kitu gani hasa kinachoua boksi za malori yake. Hapo ndipo ufundi wetu utakapoanza kurithishwa kwa maarifa, badala ya kurithishwa kwa mazoea ya kubadili sili.